Hatua Tatu

Bwana, nilikupa vyote. Wewe ni shahidi.
Jumapili ile ya mavuno, hapa Kyondo, mbele ya askofu,
nilipiga magoti kwenye saruji ambayo haijakauka vizuri
nikasema: nyumba ni yako, mbuzi ni wako,
pumzi yangu na ya Mbambu mke wangu ni zako,
ukitaka niende Kongo kuhubiri, nafunga mzigo leo.
Watu wakaitika Amina hadi mabati yakatetema.

Ukanyamaza siku nne.

Alhamisi napalilia, jembe likagonga jiwe
kando ya masale ya mpaka,
na Wewe, kwa sauti isiyozidi ya mdudu kwenye jani,
ukasema: Hatua tatu.

Nikajifanya sikusikia.
Nikamkemea shetani, kwa jina lako.
Nikafunga Ijumaa kutwa. Nikasoma zaburi, zile zenye maadui ndani yake.
Hatua tatu, ukasema,
wala hukuongeza neno, maana sisi wawili tulijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mlima ulikuwa umeporomoka,
mvua imekula miteremko, alama zote zimezikwa na tope,
na baba yangu Thembo, mtu wa sala, mtu wa watu,
aliniamsha usiku wa manane nishike taa.
Alipanda masale mapya akihesabu kwa unyayo wake,
moja, mbili, tatu, ndani ya shamba la jirani.
"Inua taa," alisema. Nikainua.
Asubuhi aliongoza sala ya nyumbani kama kawaida,
na sauti yake haikukwaruza hata mara moja.

Baba amezikwa. Jirani naye amezikwa.
Amebaki mjane wake, Kabugho,
na shahidi ni mimi, na ile taa
iliyoshika kutu, imetundikwa jikoni hadi leo.

Hatua tatu zina mikahawa kumi na mmoja.
Nimeihesabu usiku kitandani, mmoja mmoja, kama watoto.
Wiki hii imechanua, harufu inafika mlangoni,
na karo ya Muhindo imo ndani ya maua hayo.
Nikapatana nawe kama mchuuzi penye mizani:
Chukua mbuzi. Chukua fungu la kumi mara mbili.
Nipeleke Kongo, Bwana!

Kongo hukuitaka.

Ni aibu kuliandika hili:
nimeona wepesi kumpa Mungu dunia nzima
kuliko kumpa Kabugho hatua tatu.

Baba alikwenda usiku. Mimi nilikwenda saa sita mchana.
Nikayang'oa masale, na mizizi ilishika ardhi
kama mtoto ashikavyo kitenge cha mama.
Mbambu alisimama mlangoni na mwiko mkononi, kimya,
kisha akaja na jembe la pili.
Wanafunzi wakasimama. Mwenyekiti wa kijiji akaegesha pikipiki.
Nikahesabu kwa unyayo wangu, mkubwa kuliko wa baba,
nikaona nimezidisha, nikaacha izidi.

Kabugho alitoka akijifuta unga wa muhogo.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakakimbia yote.
Aliitazama mikahawa, akayatazama masale yanavyonyauka juani,
akasema: "Na kahawa ya miaka thelathini na miwili?"

Hakuna malaika aliyeshuka.
Kuku tu, anaparua udongo pale nilipochimba.
Nilikuja nikidhani nafunga hesabu,
kumbe nimefungua daftari.

Nilirudi nyumbani na hasira nawe, niseme kweli.
Nikaiangua ile taa, nikaisugua kwa majivu, sijui kwa nini.
Dawa ya deni kulipa, watu husema,
ila hawasemi uchungu wake ukiinywa
kwa ugonjwa wa baba yako.

Kesho nampelekea debe la kwanza.
Siendi kwa furaha. Andika hivyo, kama unaandika.
Naenda.